Msumari wa Ubao wa Matangazo

Siku tatu tulikaa ukumbi wa parokia, Isongole,
kanga zetu zikinuka moshi wa alfajiri.
Lusajo, kijana wa mjini, koti lake jepesi kuliko baridi yetu,
alibandika karatasi ukutani kwa uji wa ugali
(gundi ya dukani iligoma, ukuta ulikuwa unatoka jasho)
akauliza: Serikali ni nani?
Tukanyoosha vidole, wote,
kuelekea barabara ya Tukuyu.

Hakutukosoa.
Akauliza gunia la viazi lina debe ngapi.
Sita.
Na lile linalopanda lori?
Hapo hata mzee Mwaisumo, aliyekuja kwa ajili ya soda,
akainua kichwa:
lile ni lumbesa, mwanangu, lina kofia na shingo ya kamba,
debe tisa, na bei ya sita.
Basi na ninyi mmefungwa lumbesa, akasema Lusajo.
Mnabeba tisa, mnahesabiwa sita.
Nani hapa amewahi kusomewa mapato na matumizi?

Mvua juu ya bati.
Nilikuwa natafuna biskuti. Nikaacha.

Usidhani nilitoka pale simba.
Nilitoka na kalamu, daftari la jalada la bluu,
na nauli elfu saba; nikatembea kwa miguu,
nikanunua dawa ya ukungu.
Ya viazi, lakini.
Ya ule mwingine haijaletwa dukani.

Mkutano mkuu ukaitwa Jumamosi, uwanja wa shule.
Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba
kama ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani.
Ushuru wa gunia, nikasema, shilingi mia tano,
msimu mzima, malori ambayo wanangu wameyahesabu pale kona:
umejenga nini?
Choo cha zahanati mlango wake bado ni kiroba.

Mtendaji akafungua faili.
Karatasi ni nyingi, alisema, na muda ni mchache.
Subilaga nyuma yangu, mtoto mgongoni:
Soma tu. Viazi vimeshavunwa, hatuna pa kwenda.

Akasoma. Nauli. Shajara. Nauli.
Viburudisho vya wageni ambao hatukuwaona.
Halafu kikao cha kamati ya maji, tarehe kumi Julai,
posho, wajumbe tisa, wote wamesaini,
na jina la saba lilikuwa
Tumwitike Mwakalobo.

Mama mkwe wangu.
Tulimzika Machi, nyuma ya migomba,
udongo mweusi ukigandia majembe.
Na hata alipokuwa hai hakusaini kitu:
maisha yake yote alitia dole gumba.

Hakuna aliyepiga kelele.
Wanaume walivua kofia, mmoja baada ya mwingine,
na mtu, sijui nani, akaniambia pole
kana kwamba amefariki asubuhi ile.
Mwenyekiti aliangalia viatu vyake,
kisha akaangalia vya mtendaji.

Ningependa kuandika kwamba pesa zilirudi.
Wilaya tumeiandikia barua.
Wilaya imejibu kuwa imeipokea.

Ila ubao sasa una msumari,
na kila miezi mitatu karatasi moja hutundikwa,
mwandiko umelala upande kama mahindi baada ya upepo.
Subilaga ameivalisha nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea
ili unyevu usile wino.

Jana nimepita pale na mzigo wa kuni.
Mjukuu wa Mwaisumo amesimama juu ya tofali
anamsomea babu yake tarakimu, moja moja,
na mzee, mkono sikioni:
Rudia hapo kwenye saruji.
Mifuko mingapi?
Haya, shuka. Kimbia zahanati ukahesabu.